Ta Mwijage, Fundi Aliyetaka Tumshuku

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika Kituo cha Kompyuta Amagezi, hapa Hamugembe, Bukoba, fundi wetu mkuu Evarist Mwijage anastaafu tarehe 30 Juni. Sisi tunamwita Ta Mwijage, kwa heshima ya Kihaya. Wateja wa Muleba wanamwita Fundi Mbona, kwa sababu hagusi kitu kabla hajauliza mbona kiko hivyo. Aliposikia kwamba jarida la wafanyakazi linaandika wasifu wake, aliomba ausome kabla haujachapwa. Tumemkatalia. Ni yeye aliyetufundisha kwamba anayekaguliwa hashiki kalamu ya mkaguzi.

Alizaliwa jirani na Kemondo, ambako baba yake alikuwa mpima mizigo bandarini. Nyumbani kwao gunia lililokwisha kupimwa lilipimwa tena, na aliyelileta hakuruhusiwa kununa. Ta Mwijage anasema hapo ndipo alipopata elimu yake, na kwamba vyeti vilifuata baadaye. Alikuja kituoni akiwa fundi wa mashine za chapa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wenzake waliizunguka kama bibi harusi. Yeye alikwenda nyuma yake kuangalia nyaya zinakwenda wapi. Alipelekwa Mwanza kusoma, akarudi na ujuzi mwingi na shaka zaidi.

Yeye ndiye aliyeanzisha huduma yetu ya majumbani. Kabla yake, mtu wa Muleba mwenye kompyuta iliyoharibika aliifunga kwa shuka, akaipakata njia nzima hadi Bukoba, na mara nyingi ilifika ikiwa imeharibika mara mbili. Ta Mwijage akasema tuwafuate wao. Tangu hapo ameingia katika nyumba nyingi kuliko mchungaji, na katika kila nyumba ameingia kwa namna moja: anasalimia, anaketi, anaomba mwenye nyumba aketi karibu yake, kisha anaiangalia kompyuta kwa muda bila kuigusa.

Kazi aliyoijua kuliko zote ni ya sera za mfumo. Kwa msomaji asiyehusika nazo, hizi ni amri zilizo ndani ya kompyuta, chini kabisa ya vile vitufe tulivyovizoea. Ndizo zinazosema nani aweke programu mpya, kompyuta ijisasishe lini, mtoto afungue nini na asifungue nini. Ukizibadili vizuri, kompyuta ya nyumbani inakuwa na adabu. Ukizibadili ovyo inakugeuka, na inakugeuka kimya kimya, pengine wiki nzima baada ya fundi kuondoka na kusahau alichofanya.

Kwa hiyo Ta Mwijage hakuwa na haraka. Kwanza alitengeneza pointi ya kurejesha, yaani alama ya mahali pa kurudi mambo yakienda kombo. Kisha akaipiga picha skrini kwa simu yake, ijulikane kila mpangilio ulikuwaje kabla hajaugusa. Alibadili kitu kimoja tu, akazima kompyuta, akaiwasha, akaingia kwa akaunti ya mtoto wa nyumba hiyo na kujaribu kufanya utundu wote ambao mtoto angeufanya. Tumemwona mzee wa heshima, miwani puani, akijitahidi kufungua mchezo wa magari alioufungia mwenyewe dakika chache zilizopita. Ukikataa, anatikisa kichwa kwa furaha. Ndipo anagusa kitu cha pili.

Jambo lingine alilitoa sebuleni kwetu sisi Wahaya. Msomaji anajua kwamba mgeni akifika nyumba ya Mhaya huletewa kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna, na mwenyeji hutafuna kwanza ili mgeni aone kwamba hakuna kilichofichwa ndani. Ta Mwijage aliifanya hiyo kuwa kanuni ya ufundi. Sera yoyote mpya aliiweka kwanza kwenye kompyuta yake mwenyewe, akaishi nayo siku kadhaa. Amri za kunakili kutoka mtandaoni, zile zinazoahidi kuifanya kompyuta iende kasi, hakuzigusa kamwe. Aliuliza: "Aliyeziandika ametafuna?"

Bwana Awadhi wa mtaa wa Bakoba, mfanyabiashara wa vitambaa, ametupa ruhusa ya kusimulia lake. Alitaka watoto wake waache michezo, akatazama video moja, akaweka sera kwamba zifunguke programu alizozitaja tu. Alitaja ya kuandikia na ya kisomo cha Kurani. Hakutaja ile ya kuondolea sera yenyewe, na amri yake aliielekeza kwa kila mtu. Akampigia simu Ta Mwijage kwa sauti ya mtu aliye chini ya kisima. "Fundi, nimewafungia watoto." Ta Mwijage akajibu: "Vizuri sana." "Ndiyo, lakini na mimi nimo." Ilikuwapo pointi ya kurejesha aliyoiacha Ta Mwijage mwenyewe kwenye kompyuta ile zamani, kwa sababu hakumwamini Bwana Awadhi. Kazi ilikwisha kabla ya adhuhuri. Mwendesha bodaboda aliyemrudisha anasema mzee alijizuia mpaka walipopita kona, kisha akacheka hadi pikipiki ikayumba.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kila mfanyakazi analijua, na ambalo lingekuwa unafiki kuliruka. Sherehe ya kumuaga ilipangwa kufanyika mwezi wa Mei. Iliahirishwa kwa sababu Ta Mwijage alituhumiwa kuchungulia nyumba ya mteja.

Mteja ni Mwalimu Judica wa Muleba, mjane, mwalimu mstaafu na mtunzi wa nyimbo za kwaya ya usharika wake wa Kilutheri. Kompyuta yake ilikuwa ikimaliza bando la intaneti kila mara, kwa kuwa ilijisasisha yenyewe bila kuuliza. Ta Mwijage alikwenda, akaweka sera moja: kompyuta isipakue masasisho mpaka imwombe mwenyewe ruhusa. Alifanya yote kama kawaida yake, akatafuna kahawa, akaondoka.

Muda si mrefu Mwalimu akaona maneno kwenye skrini, yakisema kwamba baadhi ya mipangilio inasimamiwa na shirika lake. Mwalimu hana shirika. Ana kibanja cha migomba, wajukuu na kwaya. Akapiga simu kituoni, akauliza ni shirika gani hilo. Ta Mwijage alikuwa ameinama juu ya kazi nyingine. Simu aliibana begani. Akajibu: "Hiyo ni yangu, Mwalimu. Nimeiweka mimi. Usihangaike."

Alikuwa na sababu. Mtu akibadili sera ya masasisho kwenye kompyuta yake ya nyumbani, maneno hayohayo hujitokeza, hata kama hakuna shirika lolote duniani linaloijua kompyuta hiyo. Lakini Mwalimu alisikia fundi akikiri. Na "usihangaike" ni neno ambalo Ta Mwijage alitukataza sisi sote kumwambia mteja.

Mambo yakazidi. Kompyuta ikaanza kujifunga kila Mwalimu alipoinuka kwenda jikoni kugeuza ndizi. Asubuhi moja ikamtaka abadili nenosiri, liwe refu, lenye namba na alama, na haikumpa nafasi ya kukataa. Mwalimu akaifunika kwa kitenge. Jumapili, baada ya ibada, aliwaambia wanakwaya kwamba kuna mtu ndani ya kompyuta yake. Habari ilipofika soko la Bukoba, ilikuwa imekwisha kuwa kwamba fundi wa Hamugembe hutazama mazoezi ya kwaya akiwa kitandani kwake. Wateja wa Muleba wakaanza kughairi. Mmoja alisema kwa upole kwamba kompyuta yake imepona yenyewe.

Mkurugenzi wetu, Bi Hellen Kahigi, alimwita Ta Mwijage na kumweleza kwamba hawezi kumkabidhi mtu ngao ya heshima huku tuhuma hii ikiwa hewani, na kwamba tuhuma isipofutwa ataondoka bila sherehe. Tulitegemea angekasirika. Alisema kwa upole wa Kihaya: "Umefanya sawa, waitu. Ningekuwa wewe ningenizuia hata kuingia chumba cha mitambo." Akautoa ufunguo mfukoni na kuuweka mezani. Mlangoni aligeuka, akasema jambo ambalo hatujalisahau: "Jina langu likishachafuka nyumba moja, zote nilizoingia zitajiuliza. Hilo halina pointi ya kurejesha."

Aliomba kitu kimoja tu, kompyuta ya Mwalimu ikaguliwe, na mkaguzi awe Bashiri. Wasomaji wanamfahamu Bashiri, fundi wetu hodari wa mitandao, na wanafahamu pia kwamba kwa miaka mingi aliuona uangalifu wa Ta Mwijage kazini kuwa ni pazia. Bashiri alikuwa akisema waziwazi kwamba mtu asiye na la kuficha hana haja ya kujilinda namna ile. Bi Hellen alimuuliza Ta Mwijage kama ana hakika. Akajibu kwamba rafiki angeona asichopenda kukiona, na asingesema. Mwandishi wa wasifu huu aliambatana nao akiwa shahidi, na anakiandika alichokiona.

Mwalimu Judica alitupokea barazani. Kikapu cha akamwani kilikuja. Akatafuna, akampa Bashiri, akampa shahidi, akakiweka kikapu upande wake wa pili, mbali na Ta Mwijage. Ta Mwijage alitazama chini, kwenye zulia.

Ndani, aliomba kigoda, akakaa hatua kadhaa kutoka mezani na kuikalia mikono yake ili asije mtu akasema aligusa. Bashiri akaketi kwenye kompyuta. Alitengeneza pointi ya kurejesha bila kuambiwa. Shule ya mzee ilikuwa imemwingia hata asipotaka. Akafungua sera. Zote zilikuwa katika hali ya kutosanidiwa, yaani hakuna aliyezigusa, isipokuwa ile moja ya masasisho. Akairudisha ilivyokuwa. Akasema, kwa sauti ya mtu anayefunga kesi, kwamba kompyuta ikiwashwa upya maneno yale yatakuwa yameondoka.

Kompyuta ikawashwa upya. Maneno yalikuwapo.

Bashiri akageuka kumtazama Ta Mwijage. Mwalimu naye akamtazama. Shahidi pia, kwa kweli. Ta Mwijage alikuwa amesimama bila kujua kama amesimama.

"Basi si yangu," alisema. Kisha, polepole: "Na nilisema ni yangu bila kuiona."

Akamuuliza Mwalimu kompyuta hii ilikuwa wapi kabla ya kuja Muleba. Mwalimu akajibu kwamba aliinunua mtumba Bukoba, kwa muuzaji aliyeagiza shehena kutoka Ulaya, na kwamba alihakikishiwa ilikuwa imefutwa. Ta Mwijage akamwelekeza Bashiri afungue ukurasa wa akaunti za kazini. Hapo lilikuwapo jina la kampuni ambayo hakuna aliyeijua, ya nchi ambayo hakuna aliyewahi kufika. Kompyuta ilikuwa haijaachishwa kazi: kampuni hiyo bado iliisimamia kutoka mbali. Bando lilipokuwa likiisha upesi, ilikosa muda wa kuzungumza na bosi wake wa zamani. Ta Mwijage aliporefusha maisha ya bando, ikaanza kupokea amri: jifunge, badili nenosiri.

"Nilisema kuna mtu," alisema Mwalimu Judica. "Mkanicheka mpaka sokoni."

Bashiri aliona kitufe cha kuitenganisha na kampuni hiyo, na kidole chake kikaenda. "Toa mkono!" Hakuna aliyewahi kumsikia Ta Mwijage akipaza sauti. Bashiri akatoa mkono kama aliyeshika sufuria ya moto. Mzee akaomba radhi, akaeleza. Bosi wa aina hiyo anaweza kuwa na uwezo wa kufuta vitu wakati wa kuachana. Mwalimu ana nini humu? Mwalimu akasema zimo nyimbo zake zote, na picha za marehemu mumewe, pamoja na zile za hospitali alizokuwa bado hajaweza kuzitazama. Nakala? Hana.

Alasiri yote ikaenda hapo. Walikata intaneti kwanza, ili bosi asipate la kusema. Wakanakili kila kitu kwenye diski mbili, na Ta Mwijage hakuamini diski hata moja mpaka nyimbo zilipofunguka kwenye kompyuta ya Bashiri na Mwalimu akaziimba mstari mmojammoja kuthibitisha kwamba hazikukatwa. Wakamtengenezea akaunti yake mwenyewe yenye mamlaka yote, nenosiri akalichagua mwenyewe huku mafundi wawili wakitazama ukuta, akatoka na kuingia nayo. Ndipo Ta Mwijage akamwambia Bashiri: "Sasa." Wakabonyeza kitufe cha kutenganisha, wakawasha upya. Maneno hayakuwapo.

Ikabaki sera ya masasisho. Ta Mwijage angeweza kuiacha, mambo yaishe. Badala yake alimweleza Mwalimu kwamba akiitaka irudi, maneno yaleyale yatarudi pamoja nayo kwenye ukurasa wa masasisho, na kwamba hilo alipaswa kumwambia siku ya kwanza. Mwalimu akaamua iwekwe, lakini na yeye mwenyewe. Bashiri akamwonyesha, akabonyeza. Maneno yakaja. Akayasoma kwa sauti ya darasani, akavua miwani, akacheka. "Kumbe shirika ni mimi!"

Ta Mwijage alimwambia: "Mwalimu, mtu ulimkosea. Jambo hukulikosea." Mwalimu akakiendea kikapu barazani, akarudi nacho, akachukua punje, akaitafuna mbele ya macho yetu, akakinyoosha kikapu kwa mikono miwili. Ta Mwijage akaomba kompyuta iwashwe upya mara moja tena kabla hajapokea.

"Wewe," alisema Mwalimu, "hata ukifika mbinguni utamuuliza Petro ufunguo kautoa wapi."

Iliwashwa. Akatafuna.

Wiki iliyofuata kompyuta ilikuja Hamugembe, ikafutwa yote na kujengwa upya, kwa sababu Ta Mwijage hakuridhika kwamba kilichoonekana ndicho pekee kilichokuwamo. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha pembeni akitazama kila kibonyezo, na hakuna aliyechukia. Jumapili yake, baada ya ibada, alisimama mbele ya kwaya na kuwaeleza alichokosea na alichopatia. Habari njema hutembea polepole kuliko mbaya, lakini ilifika sokoni. Yule mteja ambaye kompyuta yake ilipona yenyewe amepiga simu kusema imeugua tena.

Kuna waliosema kwamba wasifu wa kuaga hauna haja ya mambo haya, kwamba ingetosha kutaja mamia ya wanafunzi aliowafundisha hapa na katika madarasa ya Muleba, na tuzo ya huduma bora tuliyopata kwa ajili yake. Tumezitaja. Lakini sifa tupu angezishuku, na angekuwa na haki. Tangu Mei, ni utaratibu wa kituo kwamba fundi hasemi "ni yangu" kwa kitu asichokiona, na haondoki kabla hajamweleza mwenye nyumba skrini itasema nini baada ya mabadiliko. Utaratibu huo ameuandika Ta Mwijage, na mfano wa kosa aliouweka ni wake mwenyewe. Tulimshauri aweke mfano wa mtu mwingine. Alikataa.

Wiki iliyopita Bi Hellen alimuuliza ni zawadi gani angependa. Akaomba akaunti yake ifutwe kwenye kompyuta zote za kituo, wafanyakazi wote wakiwapo, na mfutaji awe Bashiri. Tulikusanyika chumba cha mitambo. Bashiri alifuta moja baada ya nyingine, na kwenye ya mwisho alisita. Ta Mwijage akamwambia asimwonee huruma mtu mwenye nenosiri. Bashiri akabonyeza, akafuta uso kwa kiganja, akasema ni joto.

Kisha Ta Mwijage akaketi kwenye kiti alichokikalia kwa miaka mingi, akaandika jina lake na nenosiri lake, akabonyeza. Kompyuta ikamkatalia. Akajaribu tena, kwa makini, herufi kwa herufi, kama mtoto anayetafuta mwanya. Ikamkatalia. Akaegemea nyuma, akatabasamu kuliko tulivyomwona akitabasamu siku alipopokea tuzo. "Safi," alisema. "Sasa naweza kwenda."

Ta Mwijage, asante kwa kila nyumba uliyoingia na kutoka ukiacha mlango wake umefungwa vizuri. Asante kwa mbona zako zote. Tunakuombea afya, migomba yenye mikungu mizito, na wajukuu watundu wa kukupa kazi. Siku ukija kututembelea hutakuwa na ufunguo, kama ulivyotaka. Utabisha hodi kama wageni wengine. Tutakufungulia, tutakuletea akamwani, na tutatafuna sisi kwanza.